Kutoka Kisomo Hadi Ngitili

Tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa kwa redio na kuutangaza mwaka uliokuwa unaingia kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tanzania Bara ilikuwa na miaka minane ya uhuru, na kiasi cha theluthi mbili za watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Rais angeweza kuishia hapo, akawataka watu wajifunze herufi na hesabu. Lakini jambo la kwanza alilolitaja lilikuwa jingine kabisa. Aliwataka watu waache kuyakubali maisha duni kana kwamba yameandikwa na Mungu. Baada ya hapo wajifunze namna ya kuyabadili maisha hayo, na waielewe siasa ya nchi yao ya ujamaa na kujitegemea. Herufi zilikuwa njia ya kufikia huko.

Wazo lenyewe halikuwa jipya kwake. Mwaka 1964, Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulipowasilishwa bungeni, alikwisha kueleza kwamba watoto waliokuwa madarasani wangechukua miaka mingi kabla ya kuleta mabadiliko katika uchumi. Mtu mzima mwenye jembe, mifugo na familia angeweza kuanza mabadiliko msimu huohuo. Machi 1967 likatoka andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, likazipa shule za watoto mashamba na karakana. Andiko hilo limeandikiwa na kujadiliwa mno, na ndilo linalokumbukwa kila Mwalimu anapotajwa. Kilichofanyika kwa wazazi wa watoto hao kimesahaulika zaidi, ingawa kwa maoni yangu ndicho chenye mengi ya kutufundisha leo, wakati kila mkutano wa kimataifa unazungumzia elimu kwa maendeleo endelevu.

Mwaka 1965 mawaziri wa elimu wa nchi nyingi walikutana Tehran kwa mwaliko wa UNESCO kujadili namna ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Walikubaliana kujaribu njia mpya: badala ya kumfundisha mtu mzima kusoma kwa kitabu cha mtoto, afundishwe kwa kazi yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochaguliwa kwa jaribio hilo. Mradi ulifunguliwa Mwanza mwaka 1968 na kuhudumia mikoa inayolizunguka Ziwa Victoria: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Kwa Kiswahili elimu hiyo iliitwa kisomo chenye manufaa.

Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba. Wa Bukoba alisoma kuhusu migomba, mvuvi kuhusu uvuvi, mfugaji kuhusu ng'ombe. Somo lilianza kwa picha na mazungumzo: shamba hili limekosewa wapi, kwa nini pamba hii imeliwa na wadudu? Kisha sentensi moja iliandikwa ubaoni, ikavunjwa kuwa maneno, na maneno yakavunjwa kuwa silabi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akijifunza kuandika neno "palizi" alikuwa papo hapo akijadili ni lini palizi ifanyike, na bwana shamba aliitwa aje kuonyesha shambani. Kuanzia 1974 mradi ukatoa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa sababu ilionekana wazi kwamba mtu aliyejua kusoma bila kupata cha kusoma husahau upesi.

Upande wa serikali na chama tawala, TANU, mambo yalikwenda kwa kasi. Zilichaguliwa sehemu sita za kuanzia, zikiwamo visiwa vya Mafia na Ukerewe, pamoja na Masasi, Pare na Kilimanjaro, zifute ujinga ifikapo mwisho wa 1971. Septemba mwaka huo mkutano mkuu wa TANU ukaamua nchi nzima ifuate ifikapo mwisho wa 1975. Waliofundisha ni walimu wa shule za msingi baada ya vipindi vyao, vijana waliomaliza darasa la saba, watumishi wa serikali, na yeyote aliyejua kusoma kuliko jirani yake. Posho ilikuwa ndogo. Madarasa ya ngumbaro, kama kisomo cha watu wazima kilivyoitwa, yalifanyika shuleni jioni, penye ofisi za chama, chini ya miti, na wanafunzi walio wengi walikuwa wanawake, mara nyingi wakiwa na watoto mgongoni. Hata baadhi ya maofisa hawakulitegemea hilo. Mume aliona haya kukosea mbele ya watu. Mke alikuja, akakosea, akarudi tena kesho yake.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa kwa nchi nzima. Waliokuwa wamejiandikisha kwenye kisomo walizidi milioni 5. Baada ya mtihani serikali ilitangaza kwamba watu wazima wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Mwaka 1977 ilikuwa 27, na mwaka 1986 ikatangazwa asilimia 9.6. Watafiti wamebishana kuhusu ugumu wa mitihani hiyo na namna ya kuhesabu, na wana haki ya kubishana. Lakini hata ukipunguza, ni nchi chache maskini zilizowahi kupiga hatua kama hiyo katika muda mfupi namna ile.

Sambamba na kisomo kulikuwa na kazi nyingine, ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyoko Dar es Salaam. Taasisi hiyo ilizaliwa mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikawa shirika la umma linalojitegemea. Watu wake walijiuliza swali moja gumu: tufanyeje kuwafikia watu milioni kwa mara moja, bila kuwageuza wasikilizaji wasiosema neno? Jibu lao lilikuwa redio na vikundi. Walianza kidogo kidogo. Mwaka 1969 walikuwa na kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza mpango wa pili wa maendeleo. Mwaka 1970 ikafuata Uchaguzi ni Wako, na 1971 ilikuja Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Kila mara vikundi viliongezeka, na kila mara walijifunza walipokosea.

Mwaka 1973 wakaja na Mtu ni Afya.

Ukitaka kuielewa kampeni hii, anza na ngazi zake. Wataalamu wa kitaifa waliwafunza watu wa mikoa. Wa mikoa wakawafunza wa wilaya. Wa wilaya wakashuka hadi kwa viongozi wa vikundi, ambao walifikia takriban 75,000. Waandaaji walilenga washiriki milioni 1. Walipata karibu milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu wachache sana kuliko leo. Kwa wiki 12, katikati ya mwaka, vikundi vilikusanyika wakati wa kipindi cha Radio Tanzania. Kilichosemwa kilihusu magonjwa yanayojulikana katika kila nyumba: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Redio ilipozimwa, kiongozi alifungua kitabu na kusoma kwa sauti, kwa ajili ya wale ambao hawajahitimu kisomo na kwa ajili ya vikundi visivyokuwa na redio kabisa.

Kisha yalianza mazungumzo, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Hapa kwetu mbu wanazaliana wapi? Maji tunayokunywa tunayateka juu au chini ya mahali ng'ombe wanaponyweshwa? Nyumba ngapi hazina choo, na kwa nini? Kikundi hakikuruhusiwa kuishia kwenye kukubaliana; kilitakiwa kuamua jambo la kufanya kabla ya wiki ijayo, na wiki ijayo kulieleza lilikofikia. Madimbwi yalifukiwa, nyasi zikafyekwa, visima vikasafishwa. Vyoo vilivyochimbwa katika miezi hiyo vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Si vyote vilitumika kama ilivyokusudiwa, maana kuna mahali ambapo mila haikuruhusu mkwe na mkwewe kutumia choo kimoja, na jambo kama hilo halimalizwi na kipindi kimoja cha redio. Lakini lilizungumzwa hadharani, na watu walewale liliowahusu, pengine kwa mara ya kwanza.

Napenda kusisitiza hapa kwamba hapakuwa na amri iliyochimba vyoo vile. Wakoloni walikuwa wameamuru matuta na makinga-maji kwenye milima ya Uluguru katika miaka ya 1950, wakaambulia ghasia na mashamba yaliyoachwa. Elimu ya mwaka 1973 ilifanikiwa kwa sababu mtu aliulizwa, akajibu, na jibu lake likawa kazi aliyojipangia mwenyewe mbele ya majirani.

Ndiyo maana kilichofuata kinauma. Novemba mwaka huohuo wa 1973, miezi michache tu baada ya vipindi kumalizika, ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena: ifikapo mwisho wa 1976, wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Operesheni Vijiji ikaingia mikoa yote. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori, wengine wakaona nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Waliacha nyuma migomba, minazi, makaburi ya wazee, na vyoo vilivyochimbwa kwa mjadala wa wiki 12. Ukame wa 1973 na 1974 uliwakuta katikati ya kuhama, chakula kikaadimika, na mwaka 1975 Taasisi ikalazimika kuandaa kampeni nyingine, Chakula ni Uhai.

Juni 1976, wakati operesheni ikielekea ukingoni, Dar es Salaam ilipokea mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima na maendeleo. Wajumbe mia kadhaa walikuja kutoka kila bara, wengi wao wakiitazama Tanzania kama mahali pa kujifunzia. Mwanafalsafa wa elimu Paulo Freire wa Brazil alikwisha kufika kwenye Taasisi mwaka 1971. Mmarekani Budd Hall, aliyeongoza utafiti hapo, alipeleka duniani mbinu ya kufanya utafiti pamoja na wanakijiji badala ya kuwafanyia utafiti. Nyerere aliufungua mkutano kwa hotuba ambayo walimu wa watu wazima wanaisoma hadi sasa. Alisema kwamba binadamu haendelezwi na mwingine. Anajiendeleza mwenyewe, kwa kuamua, kwa kuongeza ujuzi wake, kwa kushiriki sawa na wenzake. Kazi ya kwanza ya elimu, kwa maelezo yake, ni kumwamsha mtu atamani mabadiliko na aelewe kwamba yanawezekana.

Naamini aliyasema kwa moyo wote. Na vijijini, katika miezi ileile, watu walikuwa wameendelezwa kwa nguvu. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya serikali moja na mtu mmoja, na sioni njia ya kuisimulia historia hii kwa uaminifu kwa kutaja moja na kuficha jingine.

Kulikuwa na upande mwingine wa elimu ile ambao leo ungeitwa uraia wa dunia. Mwanachama wa TANU aliahidi, kabla ya ahadi nyingine zote, kuwatambua binadamu wote kuwa ndugu zake. Ahadi hiyo ilikuwa na anwani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Chama cha ukombozi cha Msumbiji, FRELIMO, kilikuwa na shule yake mjini humo, na wakimbizi wa Msumbiji walipokelewa na vijiji vya kusini ambavyo vyenyewe havikuwa na akiba. Mwanakisomo wa Masasi hakuhitaji ramani ya dunia kuelewa ukoloni wa Kireno. Mabomu yalisikika ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mwaka 1978 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilianzisha shule huko Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge, ikapewa jina la Solomon Mahlangu. Vijana waliokimbia Soweto walisoma na kulima hapo, jirani na wanakijiji wa Kitanzania.

Kuhamia vijijini kulizaa tatizo jingine, la miti. Vijiji vikubwa vilivyoundwa kwa haraka vilihitaji kuni za kupikia, nguzo za nyumba na moto wa kuchoma matofali, vyote kutoka eneo lilelile. Kwenye mikoa ya tumbaku, kama Tabora na Iringa, mabani ya kukaushia majani yalikula misitu zaidi. Miaka michache baadaye wanawake walikuwa wakitembea mbali sana kutafuta kuni. Mwaka 1980 ikaanzishwa Misitu ni Mali, kampeni ya redio na vikundi kwa mtindo wa Mtu ni Afya. Lengo lilikuwa jema na mafunzo yake sahihi, lakini nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta yalipanda bei, betri za redio zikawa bidhaa adimu, na karatasi za kuchapia vitabu hazikupatikana. Kuanzia 1986 masharti ya wakopeshaji wa kimataifa yakakaza zaidi. Madarasa ya kisomo yakafifia moja baada ya jingine. Waratibu walipewa kazi nyingine. Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma na kuandika.

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba kila kitu kilipotea. Shinyanga inaonyesha vingine.

Mkoa huo ulikuwa na misitu ya migunga na miombo. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni iliifyeka sehemu kubwa ili kuwaondoa ndorobo, yaani mbung'o. Mashamba ya pamba yakaja juu yake, ng'ombe wakaongezeka, na ardhi ikaanza kupeperuka. Wasukuma hata hivyo walikuwa na utaratibu wao wa zamani unaoitwa ngitili. Mfugaji, au kijiji, hulitenga eneo msimu wa mvua, mifugo isiingie. Nyasi na vichaka hukua, na kiangazi kinapobana, eneo hufunguliwa taratibu kwa ajili ya malisho. Vijiji vya miaka ya 1970 viliuvuruga utaratibu huo, kwa kuwa familia ilipohamishwa haikuweza kuibeba ngitili yake. Nyerere alipotembelea mkoa huo mwaka 1984 aliuita jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni maofisa wake walifanya kilichozoeleka: vitalu, miche ya kigeni, maelekezo ya kupanda. Watu walipokea miche bila mwitikio mkubwa. Badiliko lilikuja pale wataalamu walipoanza kuuliza wazee ni miti ipi wanaitaka na zamani walihifadhi vipi, wakajibiwa: ngitili. Kuanzia hapo mafunzo yalifanywa kwa namna ambayo mshiriki wa Mtu ni Afya angeitambua mara moja. Kulikuwa na sinema na maigizo vijijini, ziara za kijiji kimoja kwenda kuona kingine, na mijadala kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma ambako sheria hutungwa na mkosaji hupewa adhabu. Vijiji vikajiandikia sheria ndogo, sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakazisimamia.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa rasmi zilifikia hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika mamia ya vijiji. Watafiti waliozikagua walikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Kwa mama wa nyumbani maana yake ilikuwa kuni za karibu, asali, uyoga, dawa za asili, nyasi za kuezekea. Kwa baba, ng'ombe wanaopita kiangazi wakiwa hai. Hakuna mti ulioletwa kutoka nje uliofanya hivyo. Mizizi ya zamani ilikuwa ardhini ikingoja tu kuachwa ichipue.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha malengo 17 ya maendeleo endelevu. Lengo la nne, kipengele cha saba, linataka kila mwanafunzi apate ujuzi wa maendeleo endelevu na uraia wa dunia. Ni maneno mazuri, na yameingia kwenye mitaala na warsha nyingi za hotelini. Ningependa wanaoyatekeleza wasome kwanza kumbukumbu za vikundi vya 1973 na za dagashida, waone swali liliulizwaje na nani alilijibu.

Huko Shinyanga kwenyewe mambo hayajatulia. HASHI ilimalizika mwaka 2004, na ngitili zikabaki kwa wenyewe. Mwenye ardhi kubwa anayo ngitili kubwa, na kiangazi huwakodishia wengine malisho. Kaya isiyo na ng'ombe hupata kuni na kidogo zaidi. Mkaa una soko mjini, watu wameongezeka, na wana wa waliozitenga ngitili hizo wanataka mashamba. Kila kijiji kinapaswa kuamua upya: ngitili ya pamoja igawanywe au ibaki, mjane asiye na mifugo alipwe nini, na hati iandikwe kwa jina la nani.